Hamkubaliani na askofu kuhusu parokia yenu? Anzeni na barua, geti liacheni wazi

Hapa Mombasa, iwe ni ng'ambo Likoni ama bara huko Changamwe, siku paroko, yaani padre mkuu wa parokia, akihamishwa ghafla ama kigango, lile kanisa dogo chini ya parokia, kikiunganishwa na parokia nyingine, grupu ya Wasapu inawaka mpaka usiku wa manane, huyu anasema askofu si mfalme, yule anajibu ukimpinga askofu umempinga Kristu, na ukiwauliza wote wawili hakuna hata mmoja aliyeisoma barua, walisikia tu kwa matangazo baada ya komunyo.

Kwa hivyo itafuteni barua. Si skrinshoti iliyokatwa nusu, barua yenyewe yenye tarehe, sahihi na muhuri. Angalieni imesema nini hasa: paroko amehamishwa, ameondolewa, parokia imefutwa ama ni mipaka tu imesogezwa? Haya ni mambo tofauti na kila moja lina njia yake. Halafu andikeni pahali siku mliyopewa habari rasmi, manake siku zinaanza kuhesabiwa hapo.

Sasa tuje kwa mamlaka, na hapa watu hudanganyana sana. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni 515, inasema ni askofu wa jimbo peke yake anayeweza kuunda, kufuta ama kubadilisha parokia. Si mwenyekiti wa halmashauri, si yule mzee aliyetoa kiwanja. Halmashauri ya parokia kazi yake ni kushauri, hata mpige kura mia kwa sufuri bado ni ushauri. Lakini kanuni hiyo hiyo 515 inamfunga askofu pia, hawezi kufanya hivyo kabla hajasikiliza baraza la mapadre, na nyinyi kuuliza kwa adabu baraza lilikaa lini sio uasi. Kanuni 212 inawapa waumini haki ya kuwaambia wachungaji wanachofikiri kwa faida ya Kanisa, na inasema saa nyingine ni wajibu kabisa. Kwa hivyo anayewaambia mnyamaze tu kwa sababu ni askofu, naye pia hajasoma.

Pesa ndio hoja yenye nguvu kuliko machozi ya "tunampenda Fada wetu". Kila parokia lazima iwe na kamati ya fedha, na kanuni 1267 inasema mchango uliotolewa kwa kazi fulani utumike kwa kazi hiyo hiyo. Mlifanya harambee ya mabati ya kigango, mabati hamjayaona, hapo dai hesabu kwa maandishi, tena bila kumwita mtu mwizi kwenye grupu, manake hujui bado na kesi ya kumchafulia mtu jina haichelewi.

Barua yenu sasa. Mna siku 10 za kumwandikia askofu mwenyewe kumwomba abadilishe amri yake, na hapa ndipo wengi wanaanguka, siku 10 zinaisha bado wanabishana nani awe msemaji. Msitie sahihi kama "Waumini Wenye Uchungu", Roma kikundi kisichotambulika na Kanisa hakisikilizwi kirahisi, kila mtu aandike jina lake na jumuiya yake. Maneno yawe machache: "Mhashamu Baba Askofu, Tumsifu Yesu Kristu. Mimi niliyetia sahihi hapa chini naomba ubatilishe ama urekebishe amri yako ya tarehe fulani, kwa sababu hizi." Kisha sababu mbili tatu zenye ushahidi, basi. Pelekeni watu watatu hivi, mzee mmoja, mama wa jumuiya, kijana mmoja, na msitoke ofisini kabla nakala yenu haijapigwa muhuri wa kupokelewa.

Askofu ana siku 30 za kujibu. Akikataa, ama siku hizo zikiisha kimya, mna siku 15 za kukata rufaa Roma, na kwa sisi Kenya rufaa inaenda Dikasteri ya Uinjilishaji, ofisi ya Papa inayosimamia majimbo ya misheni. Watu hawaamini nikiwaambia hili lakini mnaweza kumkabidhi askofu mwenyewe hiyo rufaa, na sheria inamlazimu aitume mara moja. Kama ni uhamisho wa paroko tu, mwenye rufaa hasa ni paroko, nyinyi mnabaki kuomba.

Kufunga kanisa kwa kufuli sikushauri hata kidogo. Kule Scituate, karibu na Boston, waumini wa parokia iliyofungwa 2004 walikaa kanisani kwa zamu usiku na mchana hadi 2016, wakashindwa Roma na wakashindwa kortini, wakatoka. Ahiara huko Nigeria ndio somo gumu zaidi: askofu Peter Okpaleke aliteuliwa 2012, wakamkataa kwa sababu si mtu wa kwao, 2017 Papa Francis akataka kila padre wa jimbo amwandikie barua ya kuomba msamaha ndani ya siku 30, na 2018 Okpaleke akajiuzulu. Walishangilia. Lakini 2020 akapewa jimbo lingine na 2022 akawa kadinali, sasa nani alishinda? Nawaambia hili manake parokia zetu huku Pwani zina Mtaita, Mgiriama, Mkamba, Mjaluo, na kama sababu yenu ya kweli ni kwamba Fada mpya si wa kwenu, hiyo haiandikiki kwa barua yoyote.

Kuhusu kiwanja, fanyeni sachi ya ardhi kabla ya kutafuta wakili, mara nyingi hati iko kwa jina la wadhamini wa jimbo. Na kama jambo ni mtoto kudhulumiwa, sahau habari ya kuhesabu siku za barua, ripoti polisi ama piga 116, simu ya kusaidia watoto, leo leo.

Paroko aliyeondolewa akiwa amekata rufaa yeye mwenyewe, askofu haruhusiwi kuteua paroko mpya mpaka ijibiwe, anaweka msimamizi tu. Kwa hivyo mkisikia Fada aliyeletwa ni msimamizi, huenda rufaa bado iko hai. Msimnunie, mpeni funguo za stoo na daftari la michango.