Usimimine ramu moja kwa moja kwenye mamajuana kavu

Ukienda Jamhuri ya Dominika, au rafiki akikuletea chupa ya mamajuana (kinywaji cha huko cha ramu, mvinyo na asali) iliyojaa vijiti na magome makavu, tafadhali usikimbilie kuijaza ramu na kuanza kunywa. Utapata uchungu mtupu, uichukie bure, na kinywaji chenyewe ni kitamu sana kikiandaliwa vizuri.

Kwanza vile vijiti vitolewe ukali. Mimina mvinyo mwekundu wa bei nafuu au ramu mpaka vifunikwe, funga, acha wiki moja hivi, kisha mwaga kimiminika chote, vijiti vibaki. Najua kumwaga kunauma, lakini hapo ndipo ladha inapookolewa. Sasa weka asali robo kikombe, mvinyo mwekundu hadi kama theluthi ya chupa, na nafasi iliyobaki jaza ramu. Wadominika wengi hutumia ramu za Brugal, Barceló au Bermúdez. Tikisa, acha wiki mbili au zaidi, ndipo uonje: rangi nyekundu iliyokolea, utamu wa asali mbele, harufu ya magome nyuma. Kinywaji kikipungua chupani, ongeza tu kingine. Vijiti hivyohivyo hutumika mara nyingi.

Ramu nunua dukani, chupa ikiwa na lakiri yake. Mwaka 2020 pombe ya magendo yenye methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, iliua watu wengi nchini humo. Na mjamzito au mtu anayetumia dawa asiiguse kabisa, maana magome yale ni dawa za mitishamba, na mchanganyiko wake hutofautiana chupa kwa chupa.