Tafuta makala moja nzuri, ikuoneshe nyingine

Kwanza toka Google ya kawaida, ingia Google Scholar. Ipo tangu 2004, haina malipo, na inapekua makala za majarida, tasnifu na vitabu badala ya matangazo ya biashara. Wanafunzi wanaofika kwenye dawati langu hapa maktaba wengi wanaijua tayari. Kinachowaangusha ni wanachoandika ndani ya kile kisanduku.

"Shikamoo mama, mada yangu haina machapisho."

"Marahaba. Hebu simu yako."

Nakuta swali zima, kama la mtihani: je, ni nini madhara ya sumukuvu kwenye mahindi kwa wananchi wa Tanzania?

Chomoa maneno yanayobeba mada, mengine acha: aflatoxin maize Tanzania, yaani sumukuvu (sumu ya ukungu), mahindi, Tanzania. Kwa afya na kilimo andika kwa Kiingereza, maana watafiti wetu wenyewe huchapisha zaidi kwa lugha hiyo. Kama unatafuta ushairi au sarufi ya Kiswahili, andika kwa Kiswahili, kisha rudia kwa Kiingereza. Maneno yanayotakiwa kukaa pamoja yafunge kwa alama za kunukuu. Matokeo yakifurika, andika intitle:aflatoxin bila kuacha nafasi, upate zile zenye neno hilo kwenye kichwa cha makala. Yakiwa machache mno, weka OR (yaani "au") kwa herufi kubwa: aflatoxin OR mycotoxin.

Sasa, usianze kushuka ukurasa baada ya ukurasa mpaka bando liishe. Tafuta makala moja tu iliyokaa vizuri kwenye mada yako, uifuate.

Chukua mfano huu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliripotiwa wagonjwa 317 waliokula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Mwaka uliofuata uchunguzi wa mlipuko ule ukachapishwa kwenye jarida la Environmental Health Perspectives, ambalo husomwa bure. Andika aflatoxicosis outbreak Kenya 2004, utaiona. Chini yake kuna mstari wa maandishi madogo ambao watu huupita kama hawauoni. Humo pameandikwa Cited by na namba. Bonyeza hapo. Inafunguka orodha ya kazi zilizokuja baadaye zikaitaja makala hiyo. Juu ya orodha kuna kiboksi cha Search within citing articles: kitie alama ya vema, andika Tanzania, tafuta tena. Katika hizo chache zilizobaki zimo kazi za mlipuko wa 2016 wa Dodoma na Manyara, na ndizo yule kijana alizokuwa anazililia. Fungua mojawapo, soma marejeleo yake, utarudi kwa waliotangulia. Bonyeza Cited by yake, utafika kwa waliofuata. Mara nyingi mapitio ya machapisho yanapatikana hapo hapo.

Ila namba kubwa ya kutajwa isikulevye. Kuna makala hutajwa sana kwa sababu kila mtu anaipinga. Na Scholar haichambui pumba na mchele: mtambo unakusanya wenyewe, kwa hiyo majarida yanayochapisha chochote mradi mwandishi alipe yamo pia. Nikitilia shaka jarida la bure, nalitafuta kwenye DOAJ, orodha inayokagua majarida huria kabla ya kuyaingiza. Kwa mambo ya tiba nakwenda PubMed, hifadhidata ya makala za tiba.

Ukikuta makala inadai dola 30 au zaidi, usilipe. Tazama kwanza upande wa kulia wa tokeo kama kuna PDF, kisha bonyeza All versions, maana mara nyingi nakala ya mwandishi imekaa kwenye hazina ya chuo chake. Kwenye kompyuta, weka katika kivinjari Unpaywall, programu ndogo inayotafuta nakala za bure. Kufuli lake likigeuka kijani, nakala halali ya bure ipo. Bado imegoma? Muulize mkutubi kama chuo chenu kimesajiliwa Research4Life, mpango unaovifungulia vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia. Nywila huwa iko maktaba, haiulizwi na mtu.

Majarida ya Afrika mengi yamo AJOL (African Journals Online), tovuti iliyoanza 1998 na yenye makao Afrika Kusini. Wanaosoma Kiswahili wasiiruke: jarida liitwalo Kiswahili, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, limo. Ongeza na jarida la Swahili Forum la Leipzig, Ujerumani, bure kabisa.

Na hili la siku hizi: marejeleo uliyopewa na roboti ya mazungumzo yahakiki kwanza, maana huenda imeyabuni. Nakili kichwa cha makala, kifunge kwa alama za kunukuu, kibandike Scholar. Isipotokea, jaribu jina la mwandishi na mwaka. Ikikosekana kote huko, ifute kwenye orodha yako kabla msimamizi hajaiona.

Ukishapata mseto wa maneno unaokuletea vitu vya maana, bonyeza Create alert, uandike barua pepe yako. Makala mpya zikitoka zitakufuata zenyewe, wewe ukiwa kijijini unakusanya data.