Kufunga hesabu ya duka kila jioni

Duka la Ngamiani, Tanga, linaweza kuuza vizuri na bado mwenyewe akakosa hela ya kuongeza mzigo. Mara nyingi hakuna mwizi. Droo ya duka na mfuko wa nyumbani vimekuwa kitu kimoja, na jambo hili linaumiza, maana mtu anafanya kazi kweli. Anza na kauntabuku moja, na kila mauzo yaandikwe palepale mteja anapolipa. Ukingoja kukumbuka jioni, hesabu yako haina wa kuisuta.

Jioni chukua pesa uliyoanzia asubuhi, tuseme 40,000. Jumlisha mauzo ya taslimu 310,000 na deni lililolipwa 25,000. Toa mzigo ulionunua 120,000, chakula cha kijana wa duka 3,000, na 20,000 uliyopeleka nyumbani. Droo inatakiwa iwe na 232,000. Ukikuta 226,500, andika "pungufu 5,500" kwa kalamu ya wino. Usijazie kutoka mfukoni, maana utakuwa umefuta alama ya kutafutia.

Chanzo huwa karibu. Tazama kwanza malipo ya lipa namba yaliyoandikwa kama taslimu. Yape safu yake na uyalinganishe na meseji za siku hiyo. Kisha angalia sukari aliyokopa jirani ikaingizwa kwenye mauzo badala ya daftari la madeni. Chenji iliyozidi huja mwisho.

Unga unaobeba kwenda nyumbani nao uandikwe, kwa bei ya kununulia. Droo haitauonyesha, lakini mtaji unapungua.

Daftari hili lina faida hata kwa mamlaka ya mapato, TRA. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2023/24, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya milioni 6 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa 100,000; mwenye kumbukumbu, asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Tunza daftari na risiti miaka 5.

Kwa kikundi cha kuweka na kukopa utaratibu ni uleule, ila pesa zihesabiwe mbele ya wanachama, na jumla itamkwe kwa sauti kabla sanduku halijafungwa. Kufuli ziwe tatu, funguo kwa watu watatu, na mtunza sanduku asiwe na hata mmoja.