Kuishi na kipandauso kwa mtu mwenye Asperger: mwongozo kwa familia za Kigoma

Mkoani Kigoma, mtu akilalamika kuwa kichwa kinamuuma, watu hufikiria malaria kwanza, na wana haki ya kufikiri hivyo, kwa kuwa ugonjwa huo bado upo na kipimo chake cha haraka kinapatikana hata kwenye zahanati. Tatizo huanza pale kipimo kinapoonyesha kuwa hakuna vimelea, mgonjwa akapewa dawa ya malaria vivyo hivyo, kisha baada ya muda kichwa kikarudi na safari ikaanza upya. Kichwa kinachogonga, mara nyingi upande mmoja, kwa muda wa saa 4 hadi 72 kisipotibiwa, kikazidi mtu anapotembea, kikaambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele, kina dalili zote za kipandauso. Kwa watoto kinaweza kwisha baada ya saa 2. Baadhi ya wagonjwa huona kwanza vimulimuli au mistari ya kupindapinda machoni, ambayo kwa kawaida hudumu kati ya dakika 5 na 60.

Hali ya Asperger ilipewa jina la Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna aliyeielezea mwaka 1944. Siku hizi haihesabiwi kuwa hali ya peke yake: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliiingiza ndani ya usonji (autism) mwaka 2013, na uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 ukafanya hivyo hivyo. Mwenye hali hii huzungumza vizuri na pengine hufaulu sana darasani, lakini hupata taabu kusoma nyuso na makusudio ya wenzake, hupenda siku yake iende kwa utaratibu uleule, na sauti, harufu, mwanga au hata mshono wa shati vinaweza kumsumbua kuliko wanavyodhani waliomzunguka.

Haijathibitishwa kuwa hali moja huzaa nyingine, na mzazi asiambiwe kuwa kichwa cha mwanawe ni matokeo ya usonji. Hata hivyo hali hizi mbili hukutana mahali kadhaa. Zote hutembea katika ukoo. Ubongo wa mwenye kipandauso, hata siku ambazo haumwi, umeonekana kuwa mzito wa kuzoea kichocheo kinachojirudia, na mtu mwenye usonji hueleza jambo linalofanana na hilo anaposema kuwa mlio wa feni haupotei masikioni mwake. Serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, imechunguzwa katika hali zote mbili. Kwa maisha ya kila siku, lililo zito zaidi ni kwamba watu wengi wenye usonji huona vigumu kutambua kinachoendelea ndani ya miili yao na kukitaja kwa maneno, kwa hiyo maumivu yao huonekana kwanza katika mwenendo.

Hapo ndipo familia inapaswa kuanzia. Mpwa wangu, ambaye hutengeneza simu katika eneo la Mwanga, hasemi kuwa kichwa kinamuuma. Hupiga miayo mfululizo, huzima redio aliyoiwasha mwenyewe, hugeuza kiti chake akaipa barabara mgongo, na akiulizwa swali hujibu kwa neno moja. Nyumbani kwao sasa wanajua kuwa hapo hajanuna wala hajamkosea mtu adabu: shambulio linakuja. Miayo, shingo kukaza, hamu ya chakula fulani na hasira za ghafla zinaweza kutangulia maumivu kwa saa kadhaa, hata siku nzima au zaidi, na muda huo ni wa thamani kubwa. Usimuulize mgonjwa wa namna hii, “Unajisikiaje?” Muulize jambo analoweza kulijibu: je, mwanga wa mlangoni unakuumiza? Unaweza kusoma maandishi madogo? Ukisimama, mdundo unaongezeka?

Anza daftari. Kila shambulio liandikiwe tarehe, saa lilipoanza na kwisha, usingizi wa usiku uliotangulia, chakula, mahali alipokuwa, dawa aliyomeza na saa aliyoimeza. Kwa wanawake, siku za hedhi ziandikwe pia, kwa sababu mabadiliko ya homoni ni kichocheo kikubwa. Kazi hii mwachie mwenyewe akiweza. Watu wengi wenye Asperger hupenda kumbukumbu zilizopangwa, na nina hakika kuwa daftari lao huwa sahihi kuliko letu.

Baada ya miezi miwili au mitatu utaona kuwa vichocheo hujumlishana. Mng'ao wa jua juu ya Ziwa Tanganyika peke yake anaweza kuustahimili. Lakini aliyekosa kifungua kinywa, akaenda Kibirizi asubuhi dagaa wanapopakuliwa, katikati ya harufu, injini za mashua na wachuuzi wanaoita kwa sauti, kisha akapita penye moshi wa kuchemshia mawese, amejikusanyia mambo mengi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo huhitaji kumfungia ndani. Ale kwa wakati, anywe maji ya kutosha, alale na kuamka saa zilezile hata siku za mapumziko, avae kofia ya ukingo mpana na miwani ya jua awapo nje, na awe na viziba masikio mfukoni. Miwani hiyo aivue akiwa ndani, kwani macho yaliyozoea giza huuchukia mwanga zaidi. Kwa wanaofunga Ramadhani, daku iliwe karibu na alfajiri, na mnywaji wa kahawa aipunguze kidogo kidogo katika Shaabani asije akaikosa ghafla. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Shambulio likianza, dawa imezwe mapema, kwa sababu tumbo hufanya kazi polepole wakati wa kipandauso na kidonge kilichochelewa hakifyonzwi vizuri. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, au ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula kidogo, mradi hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, na aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini. Kisha chumba kiwe na giza na ukimya. Usimpake dawa ya kuchua yenye harufu kali bila kumuuliza, na usimpapase kichwa ukidhani unamfariji. Majirani wanaokuja kumjulia hali wapokelewe barazani. Desturi hiyo ni njema, lakini sauti tano chumbani zinamwongezea maumivu.

Hesabu pia siku za dawa. Parasetamoli au ibuprofeni ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huweza yenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vilivyochanganywa na kafeini, kiwango hicho ni siku 10 tu.

Usisubiri nyumbani ikiwa kichwa kimelipuka ghafla kwa ukali usio na mfano, kina homa na shingo ngumu, kimefuata kuanguka, kimeleta udhaifu wa upande mmoja, kupotea kwa maneno au kuchanganyikiwa, au kimeanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, wakati wa ujauzito au kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Mashambulio yakifika siku nne au zaidi kwa mwezi, inafaa kuomba dawa ya kinga, yaani ya kuzuia mashambulio yasije mara kwa mara, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Nenda na daftari, pamoja na karatasi fupi inayoeleza kuwa mgonjwa ana Asperger, kwamba kutokutazama machoni si dharau, na kwamba anahitaji kusubiri nje ya msongamano. Propranolol hutumika sana, ila haimfai mwenye pumu. Amitriptyline humezwa usiku kwa dozi ndogo. Valproate haimfai mwanamke anayeweza kushika mimba, na anayeona vimulimuli kabla ya maumivu amwambie muuguzi wa uzazi wa mpango, kwa kuwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi. Dawa ya kinga ipewe takriban wiki 8 katika dozi inayofaa kabla ya kuihukumu. Propranolol isikatishwe ghafla. Daktari huipunguza hatua kwa hatua, kwa hiyo vidonge vya mwezi ujao vinunuliwe kabla vya mwezi huu havijaisha, hasa kwa wanaoishi katika vijiji vya mwambao ambako safari ya mjini hutegemea mashua.