Ukimrekodi mfinyanzi wa Zlakusa, kamera iwe ya mwisho kuingia

Nimekulia Kyela, ambako chungu cha Wakisi hakihitaji maelezo. Mama alinunua vyake Matema, akavipanga jikoni kwa ukubwa, na hakuna aliyewahi kuja na kamera kumuuliza kwa nini. Nilipopata ufadhili wa kusoma Belgrade na darasa letu likapewa kazi ya kutengeneza dokumentari fupi kuhusu utambulisho na ubunifu katika urithi wa Serbia, mimi ndiye nikawa mgeni mwenye kamera katika jiko la watu. Namwandikia kijana anayesoma huko, au anayejiandaa kwenda, mwenye simu nzuri na hamu ya kusimulia.

Anza kwa kukataa mambo mengi. Orodha ya UNESCO pekee inatosha kukuvuruga: slava, yaani sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, iliingizwa 2014, ngoma ya kolo 2017, uimbaji unaofuatana na gusle, ala ya uzi mmoja, 2018, ufinyanzi wa Zlakusa 2020. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa na yote manne, pamoja na mazulia ya Pirot na tarumbeta za Guča, ndani ya dakika kumi na mbili. Mwalimu aliusoma akauliza swali moja: "Nani anaamka asubuhi kwenye filamu hii?" Sikuwa na jibu. Jiulize swali hilo kabla hujakata tiketi ya basi. Ukikosa mtu wa kumtaja, bado huna filamu.

Nilichagua Zlakusa kwa sababu ya vyungu vya mama. Ni kijiji cha magharibi mwa Serbia, karibu na Užice. Wafinyanzi wa pale huponda jiwe la kalsaiti mpaka liwe unga, wakaukanda pamoja na udongo, kisha wakapandisha chungu taratibu juu ya gurudumu linalozungushwa kwa mkono. Hakuna mota wala kanyagio. Ule unga wa jiwe ndio unaokifanya chungu kivumilie moto wa kuni bila kupasuka. Kinachomwa kwenye moto wa wazi, na humo ndimo kabichi ya harusi hupikwa kwa saa nyingi pamoja na nyama. Ukielewa hatua hizo kabla ya kufika, utajua kamera isimame wapi. Usipozielewa, utarudi na saa tatu za picha za vyungu vilivyokwisha kuchomwa, vimepangwa rafuni.

Safari ya kwanza nenda mikono mitupu. Nasema hivi nikijua nauli ya mwanafunzi ilivyo. Nenda, salimia, kaa, kunywa kahawa, rudi. Wao hawana shikamoo, lakini wana "Vi", namna ya kumwita mtu mmoja kwa wingi ili kumheshimu. Itumie kwa kila aliyekuzidi umri mpaka mwenyewe akuambie uache. Mwanamume mtu mzima asiye ndugu yako anaitwa čika, hutamkwa chika, na mwanamke anaitwa tetka. Maneno ya kuanzia mazungumzo unayo tayari bila kujua: sanduku kwao ni sanduk, sabuni ni sapun, saa ni sat, na duka ni dućan. Yalitoka kwenye Kiarabu yakawafikia kupitia Kituruki, na sisi yakatufikia kwa majahazi. Nilipoyataja mezani, mzee mwenye karakana aliita mkewe aje asikie, na kuanzia hapo sikuwa mgeni wa mtu tena. Na hao, kama sisi, huandika neno kama linavyotamkwa, kwa hiyo ukijifunza herufi zao za Kisirili kwa wiki mbili utasoma kila kibao cha njiani.

Ukialikwa kwenye slava, nenda, na kamera ibaki mfukoni mpaka mwenye nyumba aseme. Nilipelekwa na mwenzangu wa darasani tarehe 19 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, ambayo ndiyo slava ya familia nyingi sana. Mlangoni unapewa ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari. Chukua kijiko kimoja, kisha sema "Srećna slava", yaani slava njema. Mshumaa unawaka mezani siku nzima, kuna mkate uliopambwa na divai nyekundu. Siku hiyo huangukia ndani ya mfungo kabla ya Krismasi yao ya Januari, kwa hiyo utakuta samaki na si nyama. Nimeona mwanafunzi mmoja akiingia huku anarekodi tangu kizingitini. Hakuna aliyemfukuza, lakini kila mtu alinyamaza, na alichoondoka nacho ni video ya watu walionyamaza. Katika monasteri kama Studenica, omba baraka ya mtawa au padri kwanza, na usiwashe taa ya kamera mbele ya michoro ya ukutani. Ina miaka mia nane.

Sasa kazi yenyewe. Sauti ndiyo iliyoniumiza zaidi. Gurudumu la mkono lina mlio wake, mkwaruzo mzito unaokuja na kuondoka, na maiki ya simu huugeuza kuwa vumbi. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, umvalishe mfinyanzi chini ya aproni, kisha weka kifaa kingine cha kurekodi karibu na gurudumu. Majira ya baridi betri huisha upesi. Zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukitoka kwenye theluji na kuingia chumba chenye jiko la kuni, lenzi itafunga ukungu. Usiifute. Iache kwenye begi lililofungwa ipate joto polepole, wewe kunywa chai. Mwezi Desemba jua la Serbia huzama kama saa kumi jioni, basi panga kazi za nje asubuhi. Wakati wa kuchoma vyungu, funga kipimo cha mwanga juu ya mwali wenyewe, la sivyo simu itahangaika kung'aza giza na moto utakuwa doa jeupe.

Kuhusu maswali: usimuulize mtu "kuwa Mserbia kuna maana gani kwako?" Nililiuliza nikajibiwa hotuba. Uliza, "Gurudumu hili ulilipata kwa nani?" Uliza, "Chungu gani ulikivunja mwenyewe, na kwa nini?" Swali la pili lilimfanya mzee asimame, alete kipande cha chungu, aeleze jiwe lililopondwa vibaya mwaka ule. Binti yake akaongeza kwamba yeye huchora mistari kwenye shingo ya chungu tofauti na baba yake, na baba hakuwa amependa mwanzoni. Hapo ndipo nilipopata utambulisho na ubunifu niliokuwa nautafuta, bila kuvitaja.

Ukitaka picha za zamani, Belgrade ina hazina: Kinoteka, hifadhi ya filamu iliyoanzishwa 1949, na Filmske novosti, waliokuwa wapiga picha wa habari za Yugoslavia, nchi iliyovunjika ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake. Stevan Labudović wa huko aliwarekodi wapiganaji wa ukombozi wa Algeria, na Tito mwenyewe, rais wa Yugoslavia, alitembelea Tanzania 1970. Uliza bei ya dakika moja kabla hujaipenda picha. Tena, usiandike "Serbia" juu ya picha ya Yugoslavia nzima. Kwa watu wa pale, hilo ni kosa linalouma.

Tafsiri ya chini ya picha mpe mtu wa pili aikague. Katika nakala yangu ya kwanza binti alisema chungu kilikuwa cha baba, nami nikaliacha neno lilivyo. Jamaa zangu wa Mbeya walidhani anamsema mzee. Kumbe kwa Kiserbia baba ni bibi! Mwanamke aliyefinyanga kabla ya wote alikuwa amepotea kwenye filamu yangu kwa neno moja.

Kabla ya kuipeleka chuoni, niliirudisha Zlakusa kwenye kompyuta ndogo, tukaitazama jikoni. Mzee aliomba nitoe muziki niliouweka juu ya gurudumu, nikautoa palepale. Binti alitaka kazi ya kuponda jiwe ionekane zaidi, kwa kuwa ndiyo inayochukua siku yake. Nikaongeza sekunde ishirini za nyundo na jiwe mwanzoni, kabla hata ya jina la filamu.