Anza CMDB yako kwenye kaunta ya mauzo, siyo kwenye chumba cha seva

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilipigiwa simu kutoka duka la Kariakoo. "Kaka, risiti hazitoki, na wateja wamejaa mpaka barazani." Nilikuwa ofisini Posta. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimezima kompyuta moja kuukuu chini ya meza ya uhasibu, haina skrini, haina stika, imeshika vumbi. Nilikuwa nimeuliza watu watatu kama inatumika na wote walisema hapana. Kumbe ndani yake kulikuwa na programu ndogo inayochukua ankara za mauzo na kuzipeleka kwenye mashine ya EFD, ile inayotoa risiti za kodi. Aliyeiweka alishaacha kazi.

Kwenye rejesta ya mali kompyuta ile ilikuwepo: bei, tarehe ya kununuliwa, hata jina la duka lililotuuzia. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu, wa kusema nani anaitegemea. Kazi ya CMDB, yaani kanzidata ya usanidi, ni kutunza mstari huo. Inaorodhesha vipengele vinavyobeba huduma za TEHAMA (seva, swichi ya mtandao, programu, laini ya intaneti, cheti cha usalama cha tovuti, mkataba) na kuonyesha jinsi vinavyotegemeana. Utaratibu wenyewe umetoka kwenye ITIL, mwongozo wa kusimamia huduma za TEHAMA uliozaliwa serikalini Uingereza miaka ya 1980, lakini huhitaji kusoma vitabu vyake vyote ili uanze. Nitakuonyesha ninavyofanya mimi.

Hatua ya 1: Chagua huduma moja

Moja tu, siyo mtandao mzima. Nimeona timu zinaanza kwa kuhesabu kila kipanya na kila kibodi. Miezi mitatu inapita, jedwali lina mistari elfu na hakuna anayelifungua. Chukua huduma ambayo ikisimama watu hawawezi kufanya kazi, kisha uipe jina wanalolitumia wenyewe. Kwetu ilikuwa "Mauzo na risiti Kariakoo". Andika mwenye huduma ni nani upande wa biashara (siyo fundi), inatakiwa kufanya kazi saa ngapi, na inaweza kusimama kwa muda gani kabla hasara haijawa kubwa.

Majibu hayo usiyatafute kwa barua pepe. Nenda ukae na keshia saa nzima, umwangalie anavyouza. Mimi hapo ndipo nilipogundua kwamba malipo ya simu yanathibitishwa kwenye simu ya mkononi ya duka, na simu hiyo haikuwa kwenye orodha yoyote. Nayo ni kipengele.

Hatua ya 2: Shuka kutoka kaunta, kitu kimoja baada ya kingine

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiikimbilie. Shika kompyuta ya keshia na ujiulize: hii ili ifanye kazi, inahitaji nini? Ukipata jibu, uliza swali hilohilo kuhusu jibu lenyewe. Kwetu mnyororo ulikwenda hivi: kompyuta ya keshia inategemea swichi ya dukani, swichi inategemea ruta, ruta inategemea laini ya intaneti, laini inaifikisha kwenye mfumo wa mauzo, mfumo wa mauzo unaendeshwa kwenye seva pepe (seva ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva halisi), seva pepe inakaa kwenye seva ya Posta, seva ya Posta inategemea UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), UPS inategemea umeme wa jengo.

Fuata waya kwa mkono. Stika zinadanganya, hasa kwenye joto la Dar ambapo gundi huyeyuka na stika kuanguka, kisha mtu akaibandika kwenye kifaa kingine. Kwenye umeme usikubali neno la "jenereta ipo". Uliza ni soketi zipi zinazopata umeme wa jenereta TANESCO wakikata, halafu uhakikishe siku ya kuijaribu jenereta. Nimewahi kukuta UPS nzuri kabisa imechomekwa kwenye soketi ambayo jenereta haiifikii. Seva ilikuwa na dakika kumi na tano za uhai, na hakuna aliyejua.

Kwenye intaneti nenda mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu pamoja, intaneti ilitetereka nchi nzima. Ofisi inaweza kulipia laini mbili kutoka kampuni mbili na bado zote zikapita njia ileile chini ya bahari. Mwulize mtoa huduma wako trafiki yake ya nje inapita wapi, na jibu liwe sehemu ya rekodi ya laini hiyo.

Hatua ya 3: Andika rekodi fupi

Rekodi yenye sehemu arobaini hubaki tupu. Mimi huanza na hizi:

Jina: POS-SVR-02
Aina: seva pepe
Kazi: mfumo wa mauzo, Kariakoo
Mwenye huduma: meneja wa duka
Fundi mhusika: zamu ya seva
Hali: inatumika
Inakaa kwenye: POS-HOST-01
Inategemewa na: Mauzo na risiti Kariakoo
Taarifa binafsi: ndiyo, majina na simu za wateja
Imehakikiwa: tarehe, na jina la aliyehakiki

POS hapo ni Posta, ufupisho tuliokubaliana sisi. Wewe chagua wako na usiubadilishe. Sehemu ya taarifa binafsi usiiruke: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na siku utakapoulizwa taarifa za wateja zinakaa wapi, jibu liwe tayari hapa. Nywila usiziweke humu kamwe. CMDB husomwa na watu wengi; nywila zina mahali pake.

Hatua ya 4: Chagua chombo

Kwa vipengele hamsini hivi, jedwali la kawaida linatosha, mradi uwe na kurasa mbili: moja ya vipengele, nyingine ya mahusiano yenye safu tatu (hiki, uhusiano, kile). Ukizidi hapo hamia iTop au GLPI. Vyote ni programu huria, vinaendeshwa kwa lugha ya PHP na kanzidata ya MySQL au MariaDB, na vinaweza kuchora ni nani ataathirika kitu fulani kikizimwa. Mchoro huo ndio sababu ya kuhama.

Hatua ya 5: Linganisha na mtandao wenyewe

Kwa ruhusa ya mwenye mtandao, endesha amri hii ya nmap, skana inayotafuta vifaa kwenye mtandao (badilisha anwani iwe ya kwako):

sudo nmap -sn 192.168.10.0/24

Itakuorodheshea vifaa vilivyo hewani wakati huo. Irudie asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu kilichozimwa hakitaonekana. Kila anwani isiyo na rekodi ifuatilie hadi ukiguse kifaa chenyewe. Ila usiruhusu skana iandike moja kwa moja kwenye CMDB yako. Itaijaza simu za wageni na hutajua tena kipi ni kipi. Skana ikuletee maswali, na majibu uyaingize wewe.

Hatua ya 6: Ijaribu

Chagua kipengele kimoja na uiulize CMDB: nikizima hiki, nani atanipigia simu? Andika majina. Kisha, kwa makubaliano na wahusika, kizime kweli nje ya saa za kazi na uangalie. Akipiga mtu ambaye hayumo kwenye orodha yako, umepata uhusiano uliokosekana. Mshukuru na uuandike hapohapo.

Hatua ya 7: Ifungamanishe na kazi za kila siku

CMDB huanza kufa wiki ya pili, pale fundi anapobadilisha swichi saa mbili usiku na kwenda zake nyumbani. Kanuni yetu ni kwamba tiketi ya mabadiliko (rekodi ya kazi ya kubadilisha kitu) haifungwi mpaka rekodi isahihishwe, na anayeifunga si aliyefanya kazi. Kila mwezi tunachagua rekodi kumi na kwenda kuvitazama vifaa. Tunachagua pia vifaa vingine kumi pale vilipo na kuzitafuta rekodi zake. Tukikuta kosa, tunatafuta limeingilia mlango gani, kwa sababu kurekebisha rekodi peke yake hakuzuii lijirudie.

Na kitu kikistaafu usikifute. Badilisha hali yake tu. Ile kompyuta ya chini ya meza tuliiondoa miezi minne baadaye, Jumapili jioni, baada ya kuhamishia programu yake kwenye seva na kumwarifu meneja wa duka kwa jina. Jumatatu asubuhi nilisimama Kariakoo kando ya keshia mpaka risiti ya kwanza ikatoka. Rekodi yake bado ipo, hali "imestaafu", na chini yake imeandikwa kazi yake ilihamia wapi.