Kukadiria kinyesi cha ng'ombe wa malishoni

Kumvisha ng'ombe mfuko wa kukusanyia kinyesi kunamsumbua hadi anapunguza kula. Badala yake, mpe kila siku dioksidi ya titani, unga mweupe usiomeng'enywa bali hutoka wote na kinyesi, gramu 5 asubuhi na 5 jioni. Subiri wiki moja kiwango cha unga kitulie tumboni, ndipo uchukue sampuli za kinyesi kwa siku tano, moja kwa moja kwenye njia ya haja, si zilizodondoka chini.

Badilisha saa za kuchukua. Kiwango hupanda na kushuka mchana kutwa, na hapo ndipo wengi hupotoka. Kausha sampuli, pima kiasi cha unga uliomo. Ukikuta gramu 4 za unga kwa kilo ya kinyesi kikavu, gawanya gramu 10 ulizompa kwa siku kwa 4: ng'ombe anatoa kilo 2.5 kavu kwa siku.